Jibu Lililongoja Rula

Hapakuwa na mtoto wa darasa la saba aliyethubutu kusema neno la Kiingereza kabla rula ya Mwalimu Callistus Okiror haijagonga meza. Shule yao ilikuwa kando ya barabara ya vumbi itokayo Malaba kuelekea Kocholia, na wapita njia waliokwenda sokoni walikwisha kuizoea sauti ile. Rula ikigonga mara moja, darasa lilisimama, mikono nyuma. Ikigonga mara ya pili, sentensi zilitoka kwa pamoja, zimenyooka kama mitaro ya shamba la pamba: "I can easily get up at five. I must always put away my books. I should never give up." Ikigonga mara ya tatu, ukimya ulirudi, hata mbuzi waliofungwa uwanjani wakasikika wakitafuna.

Somo hilo Mwalimu Okiror alilipenda kuliko yote, nalo alilieleza kwa mfano ambao kila mtoto wa Kiteso angeuelewa. Maneno kama *can*, *must* na *should*, alisema, ni maksai wa mbele: ndiyo yanayoamua kama sentensi ina uwezo, ina wajibu, au inashauri tu. Kielezi ni mjeledi, nacho hakina budi kukaa karibu na maksai, si kutangatanga mwisho wa shamba. Kitenzi ni plau yenyewe. Na vile vijineno vya nyuma, *up* na *away* na *on*, ni kile kipande kidogo cha chuma ambacho mkulima mzembe hukidharau. Kikidondoka, plau inakuwa kitu kingine kabisa. *Give* ni kutoa. Ukiifunga *up* nyuma yake, umekata tamaa.

Yeye mwenyewe aliyajifunza hayo katika shule ya bweni ya mapadre, miaka ile ambayo mtoto wa Kiteso aliyefika huko alihesabiwa kama aliyevuka bahari. Huko waliamka kwa kengele, wakala kwa kengele, wakanyamaza kwa kengele, naye hakuona hata siku moja kwamba kengele ile ilimpunguzia kitu. Ilimfanya mtu. Walimu vijana waliotoka chuoni na mawazo mapya, wakitaka watoto wazungumze wenyewe kwa wenyewe, aliwajibu kwa upole wa mtu asiye na shaka: "Mwanafunzi anayesema peke yake hujifunza makosa yake mwenyewe."

Hakuna aliyelelewa kwa imani hiyo zaidi ya binti yake, Petronilla. Mama yake, Milka, alimwita Amuron, jina la ukoo. Baba alimwita Petronilla, na Petronilla alimwita baba yake Mwalimu, shuleni na nyumbani, kwa sababu siku ya kwanza ya darasa la kwanza aliambiwa kwamba shuleni hakuna baba, na hakuna aliyemwambia baadaye kwamba nyumbani yupo.

Januari ya mwaka 1968, baada ya misa ya Jumapili, padre alisoma majina ya wasichana waliofaulu mtihani wa darasa la saba na kuitwa na masista kwa mahojiano. Jina la Petronilla lilikuwa la kwanza. Wanawake wa kanisani walipiga vigelegele, na Mwalimu Okiror akatazama mbele, uso mkavu, huku moyo wake ukienda mbio kama wa kijana.

Shule ya masista ilikuwa ng'ambo ya Mundika, karibu na mji wa Busia, na ndiyo pekee iliyochukua wasichana wa sekondari upande ule wote. Aliyeachwa na masista aliachwa kabisa. Petronilla alikuwa amekwisha kurudia darasa mara moja, kwa amri ya baba yake, aliyetaka awe wa kwanza wala si wa tatu; kurudia tena kusingeruhusiwa. Nje ya mlango ule palikuwa na jembe, na palikuwa na mzee Egwang, jirani mwenye ng'ombe wengi na mtoto wa kiume aliyefikia kuoa, ambaye tangu msimu wa mavuno alikuwa akipita kusalimia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo walijiandaa. Kila alasiri msichana alisimama mbele ya meza ya sebuleni, mikono nyuma, na rula ikagonga. Mwalimu alimtungia sentensi mpya zilizozidi kiwango cha darasa la saba, naye akazishika zote. Siku ya kuondoka ilipofika, hakukosea hata silabi moja. Okiror alimpakia nyuma ya baiskeli, akapiga pedali kupitia Amukura, na njia nzima hawakusemezana, kwa maana hapakuwa na lililobaki.

Walilala Mundika, kwa Protus. Protus alikuwa Mluhya wa Khunyangu. Yeye na Okiror walilala kitanda kwa kitanda katika bweni lile lile, na kwa makosa ya Protus bweni zima liliwahi kukosa chakula cha jioni zaidi ya mara moja. Sasa alikuwa karani wa forodha wa kampuni ya malori. Siku nzima aliishi kati ya madereva, matanboi wao wa kupakia na kupakua, na maofisa wa pande zote mbili za mpaka, akibishana kwa lugha nne, na kicheko chake kilimtangulia mlangoni.

"Callistus! Bado mgongo umenyooka namna hiyo? Nilidhani ni mti wa bendera unakuja na baiskeli."

"Na wewe bado unacheka kabla ya kusalimia," Okiror alisema.

"Nikisalimia kwanza utaniuliza kama nimekwenda kuungama." Akamgeukia msichana, akamwuliza kwa Kiingereza, kwa uchangamfu ule ule, barabara ilikuwaje.

Petronilla aliinuka kitini. Aliweka mikono nyuma. Macho yake hayakwenda kwa Protus bali kwa mkono wa baba yake uliopumzika juu ya meza. Okiror, bila kuwaza, aligonga ubao wa meza kwa ukucha.

"We could hardly carry on because of the dust," msichana alisema.

Protus alipiga makofi. "Sikilizeni! Mimi pale mpakani ningesema barabara mbaya, basi, nikamaliza." Akamwuliza tena, kama angependa chai zaidi. Macho ya msichana yakarudi kwenye mkono. Okiror akagonga. Jibu likatoka, zuri, kamili, lenye adabu. Swali la tatu Protus hakuliuliza. Alitazama mkono, akamtazama msichana, akanywa chai yake.

Petronilla alipoondoka kumsaidia mke wa Protus vyombo, mwenyeji alisogeza kiti.

"Kesho utaingia naye ndani?"

"Wazazi hungoja varandani. Unajua hivyo."

"Basi nani atagonga?"

"Mtoto aliyefundishwa hagongewi. Ile ni desturi tu ya darasa."

"Mwalimu, nisikilize. Mahojiano ni mchana. Asubuhi niachie mimi. Nitakaa naye kwenye kile kibanda chetu cha ofisi. Kuna karani wa Kampala, mcheshi, kuna dereva mmoja Msomali asiyenyamaza. Watamwuliza upuuzi, atacheka, atajibu. Akikosea, nani atajua? Saa mbili tatu tu, ulimi upate joto."

"Kiingereza cha matanboi."

"Kiingereza cha watu, Callistus."

"Wanasema 'me I can go me'. Unataka nimpeleke mtoto matopeni siku aliyovaa nyeupe?"

"Nataka asikie swali ambalo halijui."

"Tulifundishwa mimi na wewe mahali pamoja," Okiror alisema, akiinuka. "Mmoja wetu alisikiliza."

Protus hakukasirika. Alikuna kidevu, akasema polepole, "Ni kweli. Lakini sisi tulikuwa tukitoroka usiku kwenda kuiba miwa, na kule kwenye miwa ndiko tulikojifunza kuongea. Wewe hukuja."

Asubuhi ile Petronilla hakupelekwa mpakani. Alikaa ndani akirudia sentensi zake.

Varanda ya masista ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Wasichana waliongoja walikaa kwenye benchi refu, na Okiror akapewa kiti chini ya dirisha la ofisi, ambalo kwa ajili ya joto la Januari lilikuwa wazi. Aliweza kuona ukingo wa meza, na mkono wa Sista Mkuu, mwembamba, wenye pete moja. Alimwona binti yake akiingia, akisimama wima, nguo imepigwa pasi, na kwa kitambo kifupi alijiona yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, mbele ya meza kama ile.

Sista aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti laini, anaishi na nani nyumbani.

Hapakuwa na jibu.

Aliuliza tena, taratibu zaidi, kama mtu anayedhani hajasikika. Kisha akaliacha, akajaribu jingine: angefanya nini kama angeachiwa watoto wadogo awatunze kutwa nzima? Okiror alifumba macho. Sentensi zilikuwapo. Alizitunga mwenyewe. *I would gladly look after them.* Maksai, mjeledi, plau na kipande chake cha chuma, vyote vilikuwa tayari ndani ya kichwa kile, na kichwa kile kilikuwa kimesimama hatua chache kutoka kwake, kimya kama ukuta. Alijikuta amekunja ngumi, kifundo cha kidole kimoja kikiwa kimeinuliwa juu ya goti.

"Hapana haraka," Sista alisema ndani. Alijimiminia chai, pengine ili kumpa msichana nafasi ya kupumua, akaweka birika mezani. Birika liligonga mbao.

Petronilla alinyooka.

Sista akaweka kijiko. Kijiko kiligonga.

"I can easily get up at five," Petronilla alianza, kwa sauti kubwa, safi, ile ya darasa zima katika kinywa kimoja. "I must always put away my books. I should never give up. I could hardly carry on." Sista alisema asante. Msichana aliendelea. Sista alisema asante, mwanangu, inatosha. Aliendelea, kwa sababu inatosha haikuwa alama, na zile sentensi mpya nazo zikaja, ndefu, ngumu, moja nyuma ya nyingine, bila kosa lolote. Kwenye benchi wasichana walianza kusukumana viwiko.

"Redio ya nani hiyo imeachwa wazi?" mmoja akanong'ona, na kicheko kikapita kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho.

Okiror hakuinuka. Tangu bwenini alijua kwamba mtu anayemnong'oneza mwenzake jibu ni mwizi, na anayelipokea ni mwizi wa pili, naye hakuwahi kuwa yeyote kati ya hao. Alikaa akisikiliza kazi yake yote ikitoka dirishani. Mwishowe sista mwingine, aliyekuja kuuliza kulikoni, aligonga mlango, na kwa kugonga kule Petronilla akanyamaza katikati ya sentensi.

Baada ya muda Okiror alikaribishwa ndani. Sista Mkuu alizungumza naye kwa Kiswahili chenye uangalifu.

"Mwalimu, binti yako ana kumbukumbu ambayo sijapata kuiona. Lakini mimi nilitaka kuongea naye."

"Anajua yote uliyomwuliza, Sista. Uliuliza kabla hajawa tayari."

"Tayari kwa nini?"

Okiror angesema nini? Kwamba kuna kipande cha mbao nyumbani? Petronilla alikuwa akitazama sakafu, na sikio lake moja, aliloweza kuliona baba yake, lilikuwa limeiva kwa aibu.

Sista alimhurumia, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko cha benchi. "Sipendi kumwacha mtoto kwa sababu ya woga," alisema. "Labda ananiogopa mimi. Wewe ni baba yake. Mwulize wewe, swali moja, lolote usilomfundisha jibu lake. Akijibu, hata kama atakosea kila neno, nitampa nafasi."

Halikuwa jambo gumu. Mwanamume yeyote aliyepita barabarani angemwuliza mtoto yule kitu. Okiror alisimama mbele ya binti yake na kutafuta. Alikumbuka maswali ya asubuhi, ya saa, ya siku za juma, ya shamba, ya vitabu, na kila alilolishika lilikuwa na jibu lililofungwa mgongoni kama mtoto. Alitafuta kitu ambacho hakukijua juu yake. Kilikuwa kingi, bila shaka. Pengine kilikuwa chote. Lakini hakujua pa kuingilia. Alimjua anavyotamka. Hakujua anapenda nini, wala anamwogopa nani, wala alimlilia nani mara ya mwisho.

"Do you want to come to this school?" alisema hatimaye.

Petronilla aliinua macho, nayo yakaenda moja kwa moja kwenye mikono yake.

Okiror aliitia mikono mifukoni. Alijua kwamba akigonga chochote, hata kiatu sakafuni, kitatoka kitu. Na alijua kwamba kitakachotoka hakitakuwa jibu. Alingoja. Sista alingoja. Nje, lori lilibadilisha gia likipanda kuelekea mpakani. Midomo ya msichana ilisogea kidogo, kama ya mtu aliyelala anayeota anakimbia, kisha ikatulia.

"Samahani, Mwalimu," Sista Mkuu alisema. "Nafasi yake nitalazimika kumpa mwingine."

Okiror alimshukuru Sista. Aliinamisha kichwa kama alivyofunzwa. Protus, aliyekuwa amekuja kungoja langoni na chupa mbili za soda, aliwaona wakija. Alimpa msichana soda moja, akaishika nyingine mkononi bila kuifungua, akawatazama mpaka baiskeli ilipopotea.

Walipofika Amukura, Okiror alisimama ili wapumzike. "Kwa nini?" alimwuliza kwa Kiswahili.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sikukuuliza msamaha. Nimeuliza kwa nini."

"Nisamehe, Mwalimu," alisema tena, na Okiror akaona kwamba hilo nalo lilikuwa jibu la darasani, lile la mtoto aliyechelewa.

Jua lilikuwa limekaribia kuzama walipoingia nyumbani. Milka alitazama nyuso zao, akaacha wimbi aliokuwa akipepeta, akamshika binti yake mkono, wakaingia jikoni. Mzee Egwang, aliyekuwa amekaa uani kwa salamu zake, alielewa haraka kuliko wote. Aliaga kwa heshima nyingi na kusema atapita tena Jumamosi, na kaka yake.

Okiror aliegemeza baiskeli. Alikuwa na kiu, na kwa kuwa hakuna aliyetoka kumletea maji, alizunguka nyuma ya nyumba kwenye mtungi, mahali ambapo mwanamume wa Kiteso hana shughuli. Hapo ndipo aliposikia sauti ikitoka jikoni, akadhani kuna mgeni.

Ilikuwa sauti ya haraka, yenye mizaha na hasira ndani yake, ikisema Kiteso. Ilikuwa ikisimulia jinsi Sista alivyokunja midomo akinywa chai, kama kuku anayekunywa maji, na jinsi wasichana wa benchi walivyonuka mafuta ya nazi. "Akaniuliza ningefanyaje na watoto wadogo kutwa nzima," ilisema. "Mama, swali hilo! Ningempa kila mmoja kipande cha muwa. Mtoto anayetafuna muwa halii, hapigani, wala hakimbilii barabarani. Ningewakalisha kivulini niwahadithie habari za fisi mpaka walale, halafu nami nilale. Nililifikiria papo hapo, hata nikataka kucheka."

"Sasa hukumwambia?" Milka aliuliza.

"Halikuwa katika zile sentensi."

"Na Mwalimu alipokuuliza kama unaitaka ile shule?"

Kuni zilisukumwa motoni, zikalia.

"Hilo lilinishinda kabisa, mama. Jibu nilikuwa nalo tangu Krismasi. Nilitaka kusema naitaka hata nisipopewa kitanda. Naitaka hata nikilala sakafuni. Nilimtazama anipe ruhusa, naye akaficha mikono. Nikajua hataki nijibu. Nikafikiri ameona sifai, anataka turudi."

Okiror aliweka kata chini. Hakukusudia kuingia, lakini miguu ilimpeleka, na kivuli chake kikaanguka mlangoni. Sauti ilikatika. Petronilla alikuwa amesimama tayari, mikono nyuma, moshi ukimpita usoni wala hapikichi macho.

"Endelea," Okiror alimwambia kwa Kiteso. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumsemesha kwa lugha hiyo, na neno lilitoka kavu, kama amri.

Msichana alitazama chini.

"Keti basi. Sema na mama yako."

Aliketi. Alikuwa ameambiwa aketi. Hakusema.

Milka alikoroga chungu, hakuinua uso. "Mwalimu," alisema, bila ukali wowote, "ukiwa hapa hawezi."

Okiror akatoka. Alipita uani, akapita lango, akaingia barabarani. Mwanzoni alidhani angesimama karibu na ua, palipo giza, ambapo angeweza bado kuisikia sauti ile ambayo ilikuwa ya binti yake. Jikoni kulibaki kimya. Walikuwa wakisikiliza nyayo zake. Basi akaendelea kutembea kuelekea njia ya reli ya Malaba, hatua kwa hatua, mpaka mahali ambapo hakuna neno la nyumbani kwake lingeweza kumfikia, ili wapate kusema.